Mama Achia: Miaka Thelathini na Moja, Sekunde Kumi Kumi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, saa tisa alasiri, mtunza karakana wa shule yetu atakabidhi kicha cha funguo na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Funguo ziko ishirini na tatu. Mbili kati yake hazifungui kitu chochote siku hizi, lakini hajawahi kukubali zitupwe. Anasema huenda milango yake ikarudi.

Wahariri wa jarida la shule waliomba chama cha roboti kiandike wasifu wake. Kikaoni kila mtu alitoa sababu ya kutoandika, isipokuwa mmoja ambaye hakusema neno, na kimya chake kikahesabiwa kuwa kibali. Huyo ndiye anayeandika. Rasimu ilipitiwa na mhusika mwenyewe kwa penseli nyekundu ya seremala, hivyo makosa ya tarehe hayapo. Makosa mengine ni ya mwandishi.

Walimu humwita Mama Karakana. Mtaani kwake ni Mama Pacha, kwa sababu ya binti zake wawili. Kwetu sisi wanafunzi ni Mama Achia, na jina hilo mtu hulipata sikioni siku ya kwanza kabisa. Ukimwamkia shikamoo, hujibu "Marahaba," halafu huongeza, "Haya, achia." Wanafunzi wapya hushtuka na kutazama mikono yao, wakidhani wameshika chombo bila ruhusa. Yeye huwaeleza kwa upole kwamba wazee walisema shikamoo maana yake ni nashika miguu yako, na miguu yake yeye ana kazi nayo.

Alianza kazi hapa akiwa mfagiaji wa zamu ya asubuhi. Katika mwezi wake wa sita kazini, fundi mkuu wa wakati huo alimkuta akitengeneza kitasa cha dirisha la karakana kwa kibanio cha nywele. Hakumgombeza. Alikwenda kabatini, akaleta bisibisi, akamwambia, "Dada, na hii ijaribu." Kuanzia hapo alifagia kwa saa mbili na kutengeneza vitu kwa saa sita. Alisoma kozi ya Jumamosi kwa miaka miwili, akapata cheti, na katika mwaka wake wa saba akakabidhiwa karakana nzima. Katika miaka ishirini na minne ya uangalizi wake, vidole vyote vilivyoingia karakana vimetoka. Anaitaja rekodi hii mara nyingi kuliko cheti.

Somo lake la kwanza kwa kila kidato ni jiliwa, kile chombo cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza ili kishikilie kitu unachokikata au kukipiga tupa. Humpa kila mwanafunzi kipande cha mbao laini na kumwambia akibane kisicheze, kisha akitoe. Karibu mbao zote hutoka na alama za meno. Yeye huzipanga mezani na kuzipitia moja moja kama daktari: huyu alikuwa na hasira, huyu aliogopa, huyu amekula nini leo. Halafu hubana ya kwake, huipiga tupa mpaka jasho linamtoka, huifungua, na mbao inatoka safi kama ilivyoingia. Wengi wetu tumejaribu mwaka mzima bila kufanikiwa.

Roboti zilikuja miaka tisa iliyopita. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameona mashindano ya shule nyingine, akarudi amewaka. Kwa asiyejua mchezo huu, roboti mbili zisizozidi kilo tatu huingizwa katika ulingo wa mbao wenye kuta za plastiki angavu, na waendeshaji hukaa nje na rimoti zao. Kwa dakika tatu zinasukumana, zinapinduana, zinakamatana. Itakayoshindwa kusogea, au itakayotumbukia katika shimo la kona, imepoteza. Zote zikimaliza zikiwa zima, waamuzi huhesabu pointi. Mama Achia aliitwa siku ya kwanza kwa sababu moja tu: funguo za ukumbi ziko kwake. Akapewa kiti. Baadaye akapewa saa ya kuhesabia sekunde, ili asichoke kukaa bure.

Kanuni za mwaka ule alizitunga mwalimu mwenyewe, na moja ilisema hivi: "Roboti yenye mikono inaruhusiwa kumshika mpinzani mpaka sekunde kumi." Shule sita ziliisoma sentensi hiyo, na zote sita zikaielewa kwamba ukishashika, ni lazima ufike kumi, la sivyo hujashika. Basi siku ya mashindano kila roboti iliyomkamata mwenzake ilimng'ang'ania kwa uaminifu mkubwa. Kuna mechi ambayo roboti mbili zilishikana, zote mbili zikaogopa kuvunja kanuni, zikakaa pale zikinguruma huku ukumbi mzima ukihesabu. Mota tatu ziliungua. Mwalimu alipiga kelele kwamba mpaka maana yake si lazima. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, kwa heshima zote, mama akimtuma sokoni mpaka saa kumi, arudi saa ngapi.

Jumatatu iliyofuata shule nne zilitaka mikono yote ipigwe marufuku. Roboti zisukumane tu, basi. Mama Achia, ambaye hakuwa mjumbe, alikuwa ameingia kikaoni kubadilisha balbu. Kutoka juu ya ngazi aliuliza kama anaweza kusema. Alisema kushika si kosa, mkono kazi yake ni hiyo, na mtoto aliyetengeneza mkono mzuri kwa breki za baiskeli asinyang'anywe kwa sababu ya neno mpaka. Alishuka, akaomba kalamu.

Alichoandika ndicho kifungu cha tatu tunachokitumia hadi leo, na shule zote kumi na moja za mashindano yetu hukitumia. Aliyatenganisha maneno matatu ambayo sisi tulikuwa tukiyatupa ovyo. Kushika ni pale roboti inapomfunga mwenzake kwa mkono, taya au ndoano, na inaweza kumwachia ikitaka. Muda usizidi sekunde kumi. Kubana ni kumsukumia ukutani bila kumfunga. Usizidi kumi na tano. Kunasa ni pale wote wawili wamekwama na hakuna aliyetaka. Umeme unazimwa, wanatenganishwa kwa mikono, mechi inaendelea na halaumiwi mtu. Aliyeshika, mwamuzi akifika kumi na kusema achia, lazima aachie na kurudi nyuma hatua mbili za roboti. Anaweza kushika tena, mradi wote wawili wamekwisha kusogea. Akizidisha mara ya kwanza anapewa onyo. Mara ya pili amepoteza mechi.

Mwalimu alimuuliza alikoyatoa. Akasema ni nyumbani. Pacha wake walipokuwa wadogo walikuwa wakikamatana nywele, na aligundua kwamba ukiwatenganisha papo hapo wanarudiana nyuma ya mlango. Akawa anasimama na kuhesabu. Kufika nane mikono ilikuwa imeshachoka. Kufika kumi alisema achia, na kila mmoja anarudi upande wake wa chumba. Binti hao sasa mmoja ni mkunga na mwingine mpima ardhi, na wamethibitisha habari hii. Wanasema hata leo wakigombana kwa simu, mmoja hunyamaza na kuanza kuhesabu, na mwenzake hucheka kabla ya sita.

Kifungu cha saba nacho kina historia. Kinakataza nyuzi, nyavu, gundi, tepu na "kila kitu chenye tabia ya kujisokota." Katika mwaka wa tatu wa mashindano, deki ya kufutia sakafu ya karakana ilipotea. Mama Achia aliitafuta siku mbili, akamshuku mlinzi, akamshuku mpishi, akamwomba mlinzi radhi. Siku ya tatu, katika nusu fainali, roboti moja ilifungua mgongo na kumwaga nyuzi nyeupe juu ya mpinzani. Magurudumu yote manne yakajifunga, na ya mwenye nyuzi pia. Ukumbi ukashangilia. Yeye akainuka kitini taratibu, akasogeza uso karibu na plastiki, akasema, "Hiyo si deki yangu?" Mpishi bado anasubiri kuombwa radhi. Nafasi ni hii.

Ndani ya karakana, ukutani juu ya keekee, ile mashine ya kutobolea, kuna rafu. Aliiranda na kuipigilia mwenyewe mwaka ule wa kwanza, urefu sentimita arobaini, kwa ajili ya kombe ambalo alikuwa ameliona kwenye picha tu. Kabla ya mwaka huu shule yetu ilikuwa imefika fainali mara tatu na kushindwa mara tatu. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga, huifuta rafu hiyo kwa kitambaa. Hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba anataka kuliona kombe pale kabla hajaondoka. Hakuhitaji kusema. Mtu hafuti vumbi la mahali patupu miaka tisa kwa kupenda usafi peke yake.

Mwezi uliopita tulifika fainali ya nne. Roboti yetu inaitwa Kibanio, yenye mikono miwili ya breki za baiskeli. Ya shule ya ng'ambo ya reli inaitwa Kobe, fupi, imefunikwa kwa bati la mviringo. Mwamuzi wa kuhesabu hutoka shule isiyocheza, lakini Kobe wenyewe walisema wanamtaka Mama Achia. Mwalimu wao aliwaambia wenzake kwamba huyu mama hapendelei hata saa.

Dakika ya kwanza Kibanio ilimshika Kobe sekunde kumi na mbili, kwa sababu mwendeshaji wake alikuwa akisikia kelele za wenzake kuliko hesabu. Onyo. Baada ya hapo mambo yalitunyookea. Zikibaki sekunde thelathini tulikuwa mbele kwa pointi nyingi, na Kibanio ikamkamata Kobe ukingoni mwa bati na kumwinua juu, magurudumu yakizunguka hewani. Mama Achia akahesabu. Alipofika kumi alisema achia. Kibanio haikuachia. Kumi na moja, kumi na mbili, na harufu ya waya unaoungua ikaanza kusikika.

Nahodha wa chama chetu alipanda juu ya kiti. "Imenasa, Mama! Si unaona imenasa?"

"Imenasa wapi!" wakajibu wa ng'ambo. "Huo si mkono? Ufungue, basi."

"Mhesabieni mpaka mia," akasema mwingine wao, "labda kanuni imebadilika."

Kila mtu ukumbini alijua maana yake. Ikiwa ni kunasa, roboti zinatenganishwa, zinamaliza sekunde chache zilizobaki, na kombe ni letu. Ikiwa ni kushika, hilo ni onyo la pili, na tumepoteza.

Alibonyeza kitufe chekundu, umeme ukazimika. Alipiga goti, polepole, kwa sababu goti la kulia lina miaka yake, akaifungua mikono ya Kibanio kwa vidole. Ilifunguka, lakini kwa kukwaruza. Yaani mkono wenyewe haukutoa ushahidi wa upande wowote. Akainuka, akatembea hadi kwa mwendeshaji, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, niliposema achia, kidole chako kilikuwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa akitazama kidole. Watu mia mbili walikuwa wakitazama Kobe angani. Mwendeshaji alijibu kwa sauti ndogo mpaka ikabidi Mama ainame.

"Kwenye kitufe cha kushika, Mama. Sikukiondoa."

"Ahsante," akasema. Akarudi mahali pake na kuinua kibendera cha Kobe.

Yaliyofuata si ya jarida, ila moja. Nahodha alimwambia mwendeshaji mbele ya wote, "Siku zote kimya, leo ndio umepata sauti?" Mwendeshaji alikwenda kujificha karakana, nyuma ya mbao ndefu, na Kibanio mikononi. Baada ya muda Mama Achia aliingia na vitambaa viwili. Alikaa juu ya debe, akachukua mkono mmoja wa Kibanio, mwendeshaji akachukua mwingine, wakafuta masizi. Walipofika kwenye skrubu za chini alisema, bila kuinua macho:

"Unajua mimi nilitaka kusema nini pale? Nilitaka kusema imenasa. Neno lilishafika hapa." Akagusa koo. "Ile rafu nimeifuta miaka tisa. Ndiyo maana nikakuuliza wewe. Ningejiuliza mwenyewe, ningejidanganya."

Kisha akasema, "Nilikuwa nimeshikwa, baba. Ukaniachia." Akaomba apewe bisibisi ndogo.

Mwendeshaji huyo ndiye anayeandika wasifu huu. Alitaka kuiondoa sehemu hii, lakini kwenye rasimu mhusika aliweka alama ya vema kwa ile penseli nyekundu na kuandika pembeni, "Usipunguze."

Wiki iliyofuata shule kumi na moja zilimwomba ataje atakayehesabu badala yake. Akamtaja mwanafunzi yuleyule. Nahodha akasema wazi kwamba mtu huyo hata akiitwa jina darasani haitiki kwa sauti, ulingoni atasikika na nani? Mama Achia alijibu kwamba sauti hufundishwa, na lile jingine yeye hajui angelifundisha vipi.

Basi mafunzo yamekuwa yakifanyika karakana baada ya masomo. Mwanafunzi husimama kando ya keekee, keekee inawashwa, na Mama Achia husimama mlangoni na mkono sikioni. Siku ya kwanza alisema, "Sijasikia." Siku ya pili alisema, "Umeniomba nikuazime kitu?" Siku ya tatu alileta kiti. Siku ya nne neno achia lilivuka uwanja na kuingia maktaba, na mkutubi akatoka nje na miwani mkononi kuuliza nani amebanwa na mashine. Mama Achia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauachia, maana kanuni ni kanuni.

Kuna mengi hayakuingia humu: madawati aliyoyafufua, kengele ya shule anayoitengeneza kila muhula kwa kuizungumzisha, vibanio vya nywele alivyopoteza ndani ya vitasa. Shule imeamua kumpa lile jiliwa la kwanza, lenye mpini uliolainishwa na mkono wake. Limefungwa mezani kwa boliti nne na imebidi aombwe alifungue mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua spana yake iliko. Mume wake, fundi cherehani, ameshatenga kona nyumbani na kuuliza mara mbili kama kitu hicho kinauma.

Rafu bado ni tupu. Ijumaa iliyopita alimwita nahodha, ambaye alikuwa ameapa kutokanyaga karakana tena, akampa kitambaa. Nahodha alikitazama kidogo. Halafu akapanda juu ya debe na kufuta, kona zote nne, na aliposhuka alimuuliza mwendeshaji kama kweli kile kitufe kilikuwa kigumu au la. Walizungumza mpaka kengele ikalia.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na kila kidole kilichopita mikononi mwake kikatoka salama, ahsante, Mama. Tunakuombea afya, goti lisilolalamika, asubuhi zisizo na kengele ya kutengeneza, na wajukuu wenye nywele fupi. Maisha yako mapya yawe mema, na yakufae.

Mwisho wa hafla ya tarehe 28 ratiba inaonyesha "Kuaga." Utaratibu wake ni huu. Wote tutasogea na kumwamkia kwa pamoja, na atakayeweza kumfikia amshike. Mwandishi atahesabu, na ameahidi kusikika mpaka getini. Tukifika kumi atalitamka lile neno, nasi tutaachia na kurudi nyuma hatua mbili. Wasiokumbuka kifungu cha tatu wakisome tena mpaka mwisho: inaruhusiwa kushika tena, mradi wote wawili wamekwisha kusogea.

Shikamoo, Mama.